Kumfundisha mtu mzima ngoma ya Kinyamwezi

Mtu mzima akija kujifunza ngoma, mpe kazi siku hiyohiyo. Usimkalishe kwenye benchi aangalie, usimwambie arudi wiki ijayo, na usianze na mguu. Mpe kiitikio. Jioni akiondoka awe ameshaitikia wimbo mmoja pamoja na wenzake, hata kama maneno ya Kinyamwezi ameyameza nusu.

Nafundisha hapa Tabora, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yetu mtaa wa Ng'ambo. Karibu wote wanaonijia wamevuka miaka thelathini: mama lishe wa stendi, walimu wa shule za msingi wanaotakiwa kuandaa vikundi vya watoto, mstaafu wa reli, vijana wa bodaboda, na akina dada waliozaliwa mjini ambao bibi zao walicheza lakini wao hakuna aliyewashika mkono. Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuifanya kazi hii, awe kiongozi wa kikundi, mwalimu wa elimu ya watu wazima, au mjukuu aliye na bibi anayejua.

Kwa nini watu wazima na siyo watoto tu? Kwa sababu kuna kizazi kilichorukwa. Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi wetu tulijua rumba na chachacha lakini hatukujua ngoma zetu kama gombe sugu, kiduo wala lele mama. Vijana wa siku zile ndio babu na bibi wa leo. Watoto wao, yaani rika langu na wale wanaonifuata, wengi walikua wakiambiwa ngoma ni mambo ya kijijini, au ni dhambi, au inapoteza muda wa masomo. Ukimfundisha mtoto shuleni akirudi nyumbani hakuna wa kumwitikia. Ukimfundisha mama yake, nyumba nzima inaimba.

Anza kwa wazee

Kabla hujamwita mwanafunzi hata mmoja, nenda kwa wazee wenye ngoma. Nenda asubuhi, uwaamkie "Mwangaluka", ukae chini, usubiri waulize umekuja na lipi. Beba sukari na majani ya chai. Simu iache mfukoni. Mzee akiona umemwelekezea simu kabla hajakujua, atakupa wimbo wa juujuu na utarudi nao ukidhani umepata.

Waulize wimbo uliimbwa lini, yaani kwenye mavuno, harusi, kazi ya kulima pamoja, au jambo lingine. Waulize nani aliruhusiwa kuuimba na nani hakuruhusiwa. Kisha waulize kipi hawataki kitoke nje, na hili ndilo muhimu kuliko yote. Usiwabembeleze walegeze. Unyamwezi una vyama vyenye ngoma zao, kama Waswezi na Wayeye wanaocheza na nyoka, na mtu huingia humo kwa taratibu zao wenyewe. Ngoma hizo hazifundishwi uwanjani kwa kila anayelipa ada. Vivyo hivyo ngoma za watemi. Serikali iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, lakini koo za watemi zipo, na vitu vyao vina wenyewe. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini hamchezi ile aliyoiona kwenye video, mwambie ukweli kwamba ile ina wenyewe na sisi hatukupewa. Mtu mzima analielewa hilo haraka sana, kwa sababu hata nyumbani kwake kuna mambo hayasemwi mbele ya wageni.

Na wazee walipwe. Nasema hivi kwa sababu nimeona vikundi vingi vikimwita bibi "maktaba yetu", vikimpigia makofi, halafu anarudi kwake kwa miguu. Mzee akija kufundisha, nauli iwe mkononi mwake kabla ya kuanza, chakula kipo, na mwisho wa msimu kuna kitenge au shuka na pesa mliyokubaliana. Mimi sehemu ya ada ya kila mwanafunzi naitenga kwa kazi hiyo, na wanafunzi wanajua. Wakijua, wanamsikiliza kwa namna nyingine.

Wakati na mahali

Usipange darasa la ngoma Novemba. Mvua zimeanza, watu wana mashamba Uyui na Sikonge, wenye tumbaku wana vitalu vyao, na ngozi za ngoma zinalegea kwa unyevu. Msimu mzuri ni baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Septemba, ambao ndio wazee wetu walichezea. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia humo tunasimamisha. Tabora ina Waislamu wengi na hakuna sababu ya kumlazimisha mtu achague.

Muda uwe saa kumi jioni hadi magharibi. Mama lishe ameshaosha vyombo, bodaboda bado hajaanza wateja wa usiku. Mchanga ni bora kuliko sakafu ya ukumbi: magoti ya mtu wa miaka hamsini hayapendi saruji. Viatu vinavuliwa, akitaka. Mwenye vidonda vya kisukari mguuni avae viatu na asiulizwe mbele ya watu. Mwenye mtoto aje naye, ambebe, acheze naye mgongoni. Zamani ilikuwa hivyohivyo.

Kaeni mduara. Mama yangu alijifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima chini ya mwembe, na alikuwapo kwenye vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu walipokusanyika kusikiliza redio na kisha kujadili wachimbe vipi choo. Alinisimulia kwamba hakuna aliyekaa mbele ya mwenzake. Nimeuchukua mpangilio ule jinsi ulivyo. Mtu mzima akipangwa mistari kama darasa la tatu anakumbuka fimbo, na anayekumbuka fimbo haimbi.

Sauti, mguu, kisha mkono

Utaratibu wangu ni huu na siubadilishi: kuitikia kwanza, halafu mguu, halafu kupiga makofi, halafu manyanga, yaani vibuyu vya kutikisa, na ngoma yenyewe mwisho. Wengi wanaokuja wanataka kupiga ngoma kubwa siku ya kwanza, hasa wanaume. Wanyime kwa upole. Mpigaji asiyejua wimbo anapiga kelele zinazofuatana.

Kuitikia kunafundishwa kwa masikio, hata kwa wanaojua kusoma vizuri. Msigawe karatasi mapema. Kiongozi anaimba mstari, wote wanajibu, na hakuna anayetajwa jina. Yule aliyekosea anasikia mwenyewe kwamba sauti yake imepita njia nyingine, na raundi inayofuata anarudi. Rudieni mpaka watu waanze kuongeza vigelegele bila kuambiwa. Hapo ndipo unajua wimbo umeingia. Maneno yaandikwe baadaye, mwanafunzi mwenyewe akiyaandika kwenye daftari lake jinsi anavyoyasikia, kisha mzee asomewe na kurekebisha.

Sasa tatizo linalowakwamisha wengi. Katika nyimbo nyingi ninazofundisha, mkono wenye manyanga unakwenda na hesabu ya tatu wakati mguu unakwenda na hesabu ya mbili, na vyote viwili vinaanza pamoja. Mtoto aliyelelewa ndani ya ngoma halijui hilo kama tatizo. Mtu wa miaka arobaini aliyekulia kwenye bongofleva na kwaya atasimama kama mti mkono ukianza kuuvuta mguu. Usimweleze kwa nadharia. Mpe maneno haya: "Mama lete maji."

Yana silabi sita: ma-ma-le-te-ma-ji. Kwanza wote wayaseme polepole, sawasawa, bila kukazia popote, tena na tena, mpaka yageuke mlio. Halafu wakanyage. Mguu mmoja unatua kwenye "ma" ya kwanza na mwingine kwenye "te". *Ma*-ma-le-*te*-ma-ji. Wabaki hapo muda mrefu, wazunguke uwanja wakitembea hivyo, wapige na stori katikati kama wanataka. Mguu ukishatulia, simamisheni mguu. Sasa mikono peke yake, makofi kwenye "ma" ya kwanza, kwenye "le", na kwenye "ma" ya tatu, ile ya "maji". *Ma*-ma-*le*-te-*ma*-ji. Mara tatu katika sentensi moja, ambapo mguu ulikuwa mara mbili.

Kuunganisha ndiko kunakotaka subira. Wagawe mduara sehemu mbili: upande mmoja unakanyaga, upande wa pili unapiga makofi, wote wanasema maneno. Badilishaneni. Halafu muulize mmoja anayeonekana yuko tayari ajaribu vyote viwili, mguu kwanza, mkono uingie ukisubiri silabi yake. Akikwama, asisimamishe mdomo. Mdomo ndio unaowashika mkono na mguu wasipotezane. Nimewaona watu wakiipata ghafla katikati ya raundi, uso unafunguka, na wanaogopa kuacha. Usiwaachishe. Wenzake waanze kuimba juu yake.

Siku mtu akiweza hivyo ndipo anapewa manyanga. Ni vibuyu vyenye mbegu ndani, na makosa ya wageni ni kuvitikisa kama wanaosafisha chupa. Mkono unasimama ghafla na mbegu zote zinagonga ukuta wa kibuyu kwa pamoja. Mwache afumbe macho asikilize mlio mmoja mkavu dhidi ya mlio wa mbegu zinazomwagika ovyo. Njuga za miguuni ziwe za mwisho, maana zinatangaza kila kosa kwa mtaa mzima, na anayezivaa anapaswa kuwa ameshajiamini.

Ngoma ndogo inasema silabi zote sita, ndiyo inayoshika kazi. Hiyo mpe mwenye utulivu, hata kama siyo mwenye nguvu. Ngoma kubwa inazungumza na wachezaji, inawaita na kuwaachia, kwa hiyo mpigaji wake lazima awe ameshacheza mwenyewe. Kwa desturi wapigaji wengi ni wanaume. Mwanamke akitaka kujifunza namfundisha, baada ya kuuliza wazee juu ya wimbo ule mahsusi, na mara nyingi jibu limekuwa ndiyo.

Kumsahihisha mtu aliyekuzidi umri

Hapa ndipo walimu vijana wanapovunja darasa. Mwanafunzi wako anaweza kuwa mzee wa miaka sitini. Umempa shikamoo alipoingia. Dakika kumi baadaye huwezi kumwambia "hapana, siyo hivyo" mbele ya wakwe zake. Mimi nasema, "Mzee, tusaidie tena pale mwanzo," kisha naimba mwenyewe kwa sauti kubwa kidogo ile sehemu aliyoikosa. Anaelewa. Akikosa tena, namweka pembeni ya mtu anayejua, wala simwambii kwa nini.

Chombo kikubwa zaidi ni utani. Bibi anayefundisha nami humwita kijana wa bodaboda "mume wangu", na akikosea mguu anamwambia, "Mume wangu, kwa mguu huo mahari yangu rudisha." Kijana anacheka, wote wanacheka, na mguu unarekebishwa. Mimi nikimwambia kijana yuleyule maneno hayo atasusa. Kwenye darasa akiwepo Mzaramo, hapo ni sherehe, kwa sababu utani wetu na Wazaramo unatoka enzi za misafara ya kwenda pwani, na kila kosa linapata msemaji. Lakini utani una mipaka yake. Asiyekuwa mtani wako usimguse, na mfiwa mwache.

Mtu anayekuja kimya kimya na kuondoka kimya kimya mfuatilie. Mara nyingi tatizo siyo ngoma. Ameambiwa kanisani au msikitini kwamba anafuata mizimu, au mume hapendi. Nenda nyumbani, mwalike huyo mume aje kuangalia, muoneshe nyimbo mnazoimba na maana yake. Wengine hubadilika. Asiyebadilika, heshimu.

Maana ya wimbo

Wengi wa wanafunzi wangu hawajui Kinyamwezi cha ndani. Kila wimbo unapokwisha kushikika, tunakaa na mzee anaueleza kwa Kiswahili: nani anasemwa, kinachochekwa ni nini, neno gani ni la zamani. Hapo ndipo mtu mzima anamzidi mtoto kwa mbali. Anauliza. Ana maisha ya kulinganisha nayo. Wimbo wa mke aliyeachwa na mume aliyekwenda pwani hauhitaji maelezo mengi kwa mama ambaye mumewe yuko machimboni Geita.

Changanya na historia iliyo chini ya miguu yao. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, na walitembea wakiimba, kwa hiyo mwambie mwanafunzi atembee na mzigo begani huku akiitikia, aone pumzi inakatika wapi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ile ikafa, na nyimbo zake nyingi zikabaki bila safari. Wapeleke mahali Mtemi Isike wa Unyanyembe alipopigana na Wajerumani mpaka akajilipua na baruti Januari 1893 akikataa kukamatwa. Tunapita hapo kila siku na pikipiki. Mwanafunzi aliyesimama pale akasikia habari ile anaimba jina la mtemi kwa kifua kingine.

Ngozi na moto

Kila mwanafunzi lazima ajue kupasha ngoma, hata asiyepiga. Washeni nyasi kavu au maganda ya mahindi, moto wa mwali mfupi, siyo makaa. Uso wa ngoma uelekezwe kwenye joto kwa umbali ambao kiganja chako kinavumilia. Izungushe, igonge kwa vidole kila mara. Mwanzo inajibu kwa sauti nzito iliyolala. Ngozi ikikaza sauti inapanda na kuwa wazi. Ikifika hapo ondoa mara moja, maana ngozi ikipitiliza inapasuka na ngozi nzuri ya ng'ombe siyo rahisi kuipata tena. Msiweke ngoma juani mchana kutwa mkidhani ni sawasawa na moto: mti nao unakauka na kupata ufa. Mkitaka kuchonga ngoma mpya ya mninga, fuateni kibali cha mti maliasili kwanza.

Simu na majukwaa

Kurekodi sauti kwa ajili ya mazoezi nyumbani naruhusu, tena nahimiza, kwa sababu mama anayepika anaweza kusikiliza huku akisonga ugali. Kurusha mtandaoni ni jambo jingine. Tunakaa na wazee, tunawaonesha, wanakubali au wanakataa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na anayezitumia kibiashara nje ya mazingira yake anatakiwa kupata kibali. Wasomee wanafunzi sehemu hiyo. Wengi wanadhani kitu cha jadi hakina mwenyewe.

Mkialikwa kumtumbuiza mgeni rasmi mtaambiwa mna dakika tano. Punguzeni beti, msiongeze mwendo. Ngoma iliyokimbizwa inapoteza ile nafasi ambayo mguu na mkono vinapishana, na wanafunzi wenu wakishaizoea hivyo hawatarudi kwenye mwendo wake.

Mara ya kwanza mwanafunzi kuongoza wimbo mbele za watu isiwe kwenye jukwaa la namna hiyo. Iwe harusi au ubarikio wa ndugu mtaani, mahali ambapo wenye shughuli wanamjua. Mtangulize kwa mwenye shughuli siku chache kabla. Mweke katikati ya waitikiaji wawili wenye sauti, na mzee aliyemfundisha akae mahali anapoweza kumwona uso. Achague wimbo anaoujua kuliko yote, hata kama ni mfupi, na akubaliane na mpigaji wa ngoma kubwa ishara ya kumaliza. Ngoma zipelekwe na bajaji mapema, nyasi za kupashia mbebe wenyewe, na maji ya kunywa pia, kwa sababu wenye harusi watakuwa na shughuli nyingine. Akishamaliza, mlipeni sehemu yake kama mwanakikundi yeyote, na darasa linalofuata awape kiitikio wale waliofika siku hiyo.